Nusu mwambani, nusu kwenye kifusi

Ukipita vilima vya Mwanza, Mabatini, Igogo au Isamilo, baada ya masika, tazama kuta za pembeni za nyumba, zile zinazofuata mteremko. Haichukui muda utaona ufa unaoanzia juu, chini ya kenchi, mpana wa kuingiza sarafu, ukishuka huku ukisinyaa mpaka unapotelea karibu na mkanda wa chini, ile boriti ya zege inayobeba ukuta. Mwenye nyumba keshauziba kwa simenti mara mbili, na kila mvua zikirudi unafunguka palepale. Fundi anamwambia ni lipu. Si lipu. Shuka na ufa huo moja kwa moja hadi ardhini, chimba, na mara nyingi utakuta ukingo wa mwamba: upande mmoja nyumba imekalia jiwe, upande wa pili imekalia udongo uliojazwa.

Wengi wetu huku tunaamini kiwanja chenye mawe ni kiwanja imara. Mwamba ni imara kweli, na hapo ndipo tatizo linapoanza, maana haushuki hata milimita moja wakati kifusi cha pembeni yake kinashuka. Nyumba nzima ikishuka sentimita 3 kwa usawa, hutajua. Nusu ikishuka sentimita 2 na nusu nyingine ikagoma, ukuta wa bloku unavunjikia juu ya ukingo wa jiwe kama mua unaovunjiwa gotini. Upande wa juu ndio unaovutwa, ndiyo maana ufa ni mpana juu na mwembamba chini.

Haya yote yanahusu nyumba ya chini yenye bati. Ghorofa, hata la sakafu moja tu juu, ni la mhandisi tangu siku ya kwanza.

Mtaimbo kabla ya simenti

Kabla ya kumwaga tripu ya kwanza ya mchanga, tafuta mtaimbo wa mita 1.5 hadi 2, nyundo ya kilo 5 na daftari. Piga kamba za nyumba kama kawaida, kisha fuata kila mstari wa ukuta ukichoma mtaimbo kila baada ya mita 2, na uandike kina ulipogonga jiwe. Nyumba ya mita 9 kwa 10 yenye kuta chache za ndani inakupa vituo 25 hadi 30, kazi ya nusu siku kwa watu wawili. Pale mtaimbo usipogonga kitu, chimba shimo la mtu kuingia, angalau moja kwa kila pembe iliyo upande wa bonde. Mwisho chora mchoro wa kawaida tu: hapa jiwe liko sentimita 20, hapa mita 1, hapa halijaonekana. Mchoro huo wa kalamu una thamani kuliko picha ya rangi ya jinsi sebule itakavyokuwa.

Kuna mtego mmoja: si kila kigumu ni mwamba. Mawe ya Mwanza ni granaiti iliyooza taratibu kufuata mipasuko yake na kuacha viini vigumu vya mviringo. Ndiyo sababu jiwe la Bismarck pale ziwani na mengine mengi yanaonekana kama yamepangwa na mtu. Hayo unayaona. Mengine yamezikwa, yamezungukwa na udongo pande zote, hadi chini. Ukijenga juu ya jiwe la namna hiyo, maji yakauosha udongo wa chini yake, jiwe linageuka na pembe ya nyumba inaondoka nalo.

Gonga kwa nyundo huku mwenzako ameweka kiganja upande wa pili. Mwamba hutoa mlio mkali na kiganja hakisikii kitu. Jiwe lililolala hutoa mlio mzito na mtu husikia mtetemo. Hiyo ni dalili tu. Ushahidi ni kuchimba upande wa bonde mpaka uone tumbo la jiwe. Mtaimbo ukipenya chini yake, hilo ni jiwe lililolala tu, halina mizizi. La ukubwa wa toroli liondolewe. La ukubwa wa gari usishindane nalo: weka nguzo fupi huku na huku na mkanda upite juu yake bila kuligusa, ukiacha nafasi ya sentimita 5 hadi 7. Na mawe yaliyo juu ya kiwanja chako yaache na udongo wake. Kuchimba mbele ya jiwe kubwa lililokaa mteremkoni ili upate mita 2 zaidi za uwanja ni kulitoa kigingi.

Kupasua jiwe kwa moto ni jambo la kila siku huku: zinawekwa kuni au matairi, jiwe linachemka, linapigwa. Linakubali, ila uso unaobaki huwa umeachana tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu. Zege likimwagwa juu ya maganda hayo limekaa juu ya karatasi. Gonga uso wote kwa nyundo, toa kila kinachotoa mlio mtupu, fagia, mwagilia, ndipo umwage. Kokoto za jiwe lililochomwa nazo zikague. Chukua kipande, bonyeza pembe kwa kidole gumba. Ikimomonyoka, tumia rundo hilo kujaza njia ya gari, si kwenye zege la mkanda.

Nyumba moja, ardhi moja

Njia ya uhakika ni kuipeleka nyumba nzima kwenye mwamba. Upande wa jiwe unakaa pale pale. Upande wa kifusi unashushwa kwa nguzo fupi mpaka kwenye jiwe lilelile, na mkanda wa zege unapita juu ya nguzo hizo ukibeba ukuta. Kifusi kikishuka, kishuke, ukuta haukitegemei.

Chukua ile nyumba ya mita 9 kwa 10, mwamba ukiishia katikati, kwa hiyo mita 5 ziko juu ya kifusi. Kuna ukuta wa mwisho wa mita 9, ukuta mwingine wa ndani sambamba nao mita 2.5 nyuma yake, na kuta tatu za urefu zinazovuka kutoka mwambani. Weka nguzo 4 chini ya kila ukuta wa mita 9, umbali wa mita 3 kutoka katikati ya nguzo hadi nyingine, ukipanga kuta za urefu ziangukie juu ya nguzo. Jumla nguzo 8. Kila shimo ni sentimita 80 kwa 80 hadi kwenye mwamba. Kitako kinachobeba nguzo ni zege la unene wa sentimita 25, lenye nondo za milimita 12 kila sentimita 15 pande zote mbili. Nguzo ni sentimita 25 kwa 25, nondo 4 za milimita 12, zikizungushiwa ringi za milimita 8 kila sentimita 15.

Mwamba ukiwa umelala kwa mteremko, kitako kitateleza kama sahani kwenye meza iliyoinama. Chonga jiwe liwe ngazi zilizo sawa kwa pima maji. Jiwe likikataa kuchongwa, toboa mashimo manne ya milimita 20 yenye kina cha sentimita 30, toa vumbi lote kwa kupuliza kwa mpira, jaza uji mzito wa simenti na uchomeke nondo za milimita 16 zinazobaki juu sentimita 30 ndani ya kitako. Vumbi likibaki shimoni, nondo itachomoka kwa mkono.

Mkanda wenyewe uwe upana wa sentimita 23 na kimo cha sentimita 40, nondo 3 za milimita 12 chini na 3 juu, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, na kila sentimita 15 kwenye nusu mita ya kwanza kutoka kila nguzo. Ukuta wa bloku za inchi 6 wenye urefu wa mita 3, pamoja na lipu na paa, unaweka karibu tani 1.2 kwa kila mita ya mkanda, na mkanda wenyewe unaongeza robo tani hivi. Vipimo hivyo vinatosha kwa nafasi ya mita 3. Nguzo zikiachana mita 4, havitoshi, na kuongeza nondo moja kwa kukisia hakuponyi.

Urefu wa mkanda huo ni mita 33. Zege lake ni mita za ujazo 3, sawa na mifuko 20 ya simenti. Nondo za milimita 12 zenye urefu wa mita 12 ni 19, ukihesabu na za kuungia. Ringi ni kama 180. Kila moja inakula mita 1.1, hivyo nondo moja ya milimita 8 inatoa ringi 10 na unahitaji nondo 18. Fundi akikuambia nondo 9 za milimita 12 zinatosha, muulize za juu ziko wapi. Juu ya nguzo mkanda huvutwa upande wa juu, si wa chini, na mkanda wenye nondo za chini peke yake hupasukia hapo hapo.

Sakafu ni habari nyingine, na watu huisahau. Umeshabeba kuta, lakini jamvi, yaani zege la sakafu, la vyumba vya upande wa bonde bado limelala kwenye kifusi. Kifusi kikiwa chini ya mita 1 na kimeshindiliwa vizuri, jamvi la sentimita 10 lenye waya wa BRC (wavu wa chuma), lililotenganishwa na kuta kwa kipande cha nailoni, linakubalika. Likishuka kidogo linashuka bila kuvuta ukuta. Kifusi kikizidi hapo, sakafu inabidi ibebwe na mikanda. Mzigo wa mikanda unapanda, na vipimo nilivyotaja juu havifai tena. Mpe mhandisi mchoro wako wa mtaimbo apige hesabu.

Njia ya pili ni kuuwekea msingi mto laini wa udongo. Pale upande wa pili ni udongo wa asili uliokaza, si kifusi, unaweza kuchonga mwamba ushuke sentimita 30 hadi 45 chini ya msingi na kujaza moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, ili upande wa jiwe nao uwe na ulaini kidogo. Inapunguza tofauti, haiimalizi. Njia ya tatu ni kuigawa nyumba makusudi: kiungo cha sentimita 2.5 kuanzia msingi hadi paa, kuta mbili zikitazamana, hakuna nondo inayovuka. Inafaa kwa fremu za maduka na vyumba vya kupangisha vilivyo mstari mrefu. Ila nimeona viungo vingi vilivyojazwa zege na fundi aliyedhani ni kosa, kwa hiyo kiandike ukutani kwa rangi nyekundu.

Kama msingi unashuka kwa ngazi kufuata mteremko, kila ngazi iwe sawa kwa pima maji. Kitako cha juu kilalie cha chini kwa angalau mara mbili ya kimo cha ngazi, na kimo hicho kisizidi unene wa kitako. Msingi uliomwagwa kwa kuinama unasukuma nyumba kuelekea bondeni kila siku ya Mungu.

Ukuta wa chumba si ukuta wa kuzuia udongo

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni hili. Mtu anakata mlima apate uwanja, anajenga ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala kwa bloku za inchi 6, kisha anarudisha udongo nyuma yake hadi usawa wa dirisha. Kiangazi hakuna shida. Masika ya kwanza ukuta unatoka tumbo, ya pili unaingia chumbani.

Udongo mkavu wa kimo cha mita 1.5 unasukuma kwa kama tani 0.7 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Udongo huohuo ukijaa maji yasiyo na pa kutokea, msukumo unafika kama tani 1.4. Ukuta wa mawe wa kimo hicho, upana wa sentimita 80 chini na 40 juu, una uzito wa karibu tani 2 kwa mita. Unahimili udongo mkavu kwa nafasi nzuri, lakini maji yakijaa unaanza kuteleza. Kwa hiyo ukuta ule ule unaishi au unakufa kwa sababu ya bomba chache.

Jenga kwa mawe ya granaiti yaliyopasuliwa yenye nyuso. Ya mviringo hayashikani. Mchanganyiko ni simenti 1 kwa mchanga 4. Kila mita ya mraba iwe na jiwe moja refu linalovuka kutoka uso hadi mgongo, kwa sababu mafundi hupenda kupanga nyuso mbili nzuri na kujaza katikati vipande vikavu; ukuta wa hivyo hugawanyika mara mbili kama kitabu. Msingi uingie ardhini sentimita 40 upande wa bonde. Nyuma ya ukuta weka kokoto au mawe madogo upana wa sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu. Pitisha ukutani mabomba ya inchi 3 kila mita 1.5, ya mstari wa chini yakiwa sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, yameinamia nje, na ndani mdomo wake umefunikwa kokoto kubwa, si udongo. Bomba lililozibwa na tope ni pambo. Kimo kikizidi mita 1.5, au kama kuna nyumba, barabara au shimo la maji taka juu yake, usifuate vipimo hivi.

Na kati ya ukuta huo na nyumba acha njia ya angalau mita 1 yenye mtaro. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50 ikinyesha, linamwaga lita 5,000. Bila gata la kuyakinga, lita zote hizo zinaangukia sentimita 50 kutoka kwenye msingi wako.

Kifusi nacho: kikimwagwa mita 1 kwa mkupuo, kinaweza kushuka sentimita 5 hadi 10 kikilowana mara ya kwanza. Weka tabaka za sentimita 15, zenye unyevu wa kufinyangika mkononi bila kutoa maji, shindilia kila tabaka mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama. Toa mizizi, mifuko ya nailoni na udongo mweusi wa juu. Kufurika maji juu ya kifusi "ili kishuke chenyewe" hakuchukui nafasi ya kushindilia.

Zege na nondo, kwa ufupi

Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa zege la 1:2:4, mfuko mmoja unachukua ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo za lita 20 zilizosawazishwa kwa ubao. Maji ni lita 25, yasizidi 28, na mchanga ukiwa umelowa yapunguze. Koleo si kipimo. Koleo la asubuhi na la saa tisa alasiri ni vitu viwili. Wabeba karai watalalamika zege ni zito. Ni haki yao, lakini dawa ni kulichoma vizuri kwa nondo au mashine ya kutetemesha, siyo ndoo ya maji ya ziada.

Mchanga wa ufukweni mwa ziwa mara nyingi ni laini na wa saizi moja, nao hunywa maji na simenti nyingi. Mchanga wa mtoni ni bora, ila kagua tope: jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa 3. Mchanga ukiwa sentimita 10, tabaka la tope juu yake lisizidi sentimita 1. Likizidi, uoshwe au urudishwe.

Nondo pima kwa mizani. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 iwe na kilo 10.6; ya milimita 10, kilo 7.4. Ikikosa kilo nzima umeuziwa nondo nyembamba kwa jina la nene. Pa kuungia, nondo ya milimita 12 ilalie mwenzake sentimita 60. Kwenye pembe ya nyumba nondo zipinde na kuendelea sentimita 60 upande wa pili. Kuzikata pembeni na kuzifunga kwa waya ndiko kunakofanya lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, ifunguke kwenye kona. Lenta izunguke nyumba yote bila kukatika, na nondo za milimita 8 ziachwe zikitoka juu yake kila mita 1.2 za kufungia kenchi; pepo za ziwani kabla ya mvua hubeba paa zima lililotegemea misumari. Upande wa Kagera, lile tetemeko la 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, liliharibu nyumba nyingi za tofali na udongo, na ukuta usio na mkanda unaouzunguka huwa wa kwanza kufunguka kwenye pembe.

Nondo isigusane na udongo: sentimita 5 za zege kati ya nondo na ardhi, 2.5 kwa sehemu za juu. Mwagilia siku 7, magunia yaliyolowana juu yake. Boksi za mbao za pembeni zinazoshikilia zege zinaweza kutoka baada ya siku 2. Mirunda iliyo chini ya mkanda ibaki wiki 2 hadi 3.

Mbuga na ufukwe

Ukiondoka vilimani kuelekea Magu, Misungwi au Kwimba unaingia kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mtoto unazama. Huo unavimba ukilowana na kusinyaa ukikauka, na unainua nyumba nyepesi bila shida. Saga udongo mkavu, jaza kikombe kimoja, umimine taratibu kwenye chupa pana ya maji, acha usiku mzima. Ukivimba kuzidi nusu ya kiasi chake cha awali, uhofie. Ukiwa na kina cha chini ya mita 1.5, ondoa wote chini ya nyumba na mita 1 nje yake, jaza moramu. Zaidi ya hapo ni nguzo na mkanda ulioinuliwa, na chini ya mkanda acha nafasi tupu ya sentimita 10 ili udongo uvimbe bila kuusukuma.

Ufukweni, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na 2020 ziwa lilipanda hata kuvuka alama ya 1964, kwa hiyo ukingo unaouona kiangazi si ukingo. Chemba ya maji taka iliyochimbwa penye maji ya karibu huelea ikiwa tupu, hivyo usiikamue yote wakati wa mvua.

Kama ufa upo tayari

Usiuzibe kwanza. Chora mistari miwili midogo ya penseli huku na huku ya ufa, juu, katikati na chini, pima umbali kwa rula, andika tarehe ukutani. Pima tena kila mwisho wa mwezi. Ufa wa chini ya milimita 1 usiosogea ni wa lipu. Wa milimita 1 hadi 5 ni wa kufuatilia. Ukizidi 5, au mlango umeanza kugoma kufunga, tafuta mhandisi aliyesajiliwa. Ukizidi 15, usilale chumba hicho.

Anza na maji: gata, mtaro wa juu ya nyumba, bomba linalovuja. Nyufa kadhaa husimama hapo bila jiwe kuguswa. Zisiposimama, msingi wa upande wa kifusi utashushwa hadi mwambani kwa vipande vya mita 1, na vipande viwili vinavyopakana visichimbwe pamoja kamwe. Ukigawa ukuta sehemu 1 hadi 6, chimba 1 na 4, kisha 2 na 5, kisha 3 na 6. Mwaga zege mpaka libaki sentimita 5 hadi 7 chini ya msingi wa zamani, subiri siku 2, ndipo ukandamize humo mchanganyiko mkavu wa simenti 1 kwa mchanga 3, kwa kipande cha mbao na nyundo, mpaka usikubali tena. Pengo hilo likijazwa zege la maji siku ileile, linasinyaa, na msingi wa zamani unashuka tena.

Ukuta wenyewe unashonwa: kwangua simenti kati ya bloku kina cha sentimita 4, kila mstari wa pili, laza nondo ya milimita 8 yenye urefu wa mita 1, nusu kila upande wa ufa, uifunike kwa simenti 1 kwa mchanga 3. Lipu na rangi ni za mwisho, baada ya kipimo cha Novemba na kile cha Mei kusoma namba ileile.